Njia za Miguu za Singida na Mchakamchaka Wetu

(Haya ni mazungumzo ambayo mwandishi aliyatoa mbele ya walimu na watumishi wa serikali mjini Singida.)



Nilipoombwa nije kuzungumza nanyi juu ya mazoezi ya viungo, nilidhani kwanza kwamba mmekosea mtu. Mganga angewaeleza habari za moyo na mishipa ya damu, na mwalimu wa michezo angewaonyesha namna ya kunyoosha misuli. Mimi ni mwandishi wa gazeti la Chama, na sehemu kubwa ya kazi yangu hufanyika kitini. Nimekubali kwa sababu moja tu. Kwa muda wa miaka kadhaa, kila kazi inaponileta mkoani hapa, huamka alfajiri nikakimbia polepole katika njia za miguu zitokazo mjini kwenda vijijini. Katika kukimbia huko nimeona jambo ambalo si la afya peke yake. Ni jambo la ardhi, na la nani ana haki ya kupita wapi.

Nianze na bibi mmoja. Asubuhi moja, mji nikiwa nimekwisha kuuacha nyuma, nilikutana naye katika njia nyembamba, amejitwika ndoo ya maji. Aliponiona ninatweta alitua ndoo yake chini, akaniuliza kwa wasiwasi, "Mjukuu wangu, kuna nini huko mjini? Nani amefariki?" Nikamwamkia, nikamweleza kwamba hakuna msiba, ninafanya mazoezi tu. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Sasa kama hakuna aliyekufa," akasema, "wala hakuna anayekufukuza, mbona hukuchukua jembe?"

Nilicheka, naye akacheka, nikamsaidia kujitwika ndoo, tukaagana. Lakini swali lile halikuniacha. Kijijini, mtu mzima hakimbii bila sababu. Akikimbia, basi kuna nyumba inayoungua, au ng'ombe wamepotea, au mgonjwa amezidiwa. Mazoezi ya bibi yule yamo ndani ya maisha yake: kisimani, shambani, kwenye kinu, gulioni. Sisi ndio tuliotenganisha kazi na viungo vya mwili. Tunaingia ofisini saa moja na nusu, tunatoka jioni, na kutoka mlangoni hadi nyumbani tunapanda bodaboda, hata pale ambapo safari nzima haizidi mwendo wa robo saa. Kisha tunashangaa shinikizo la damu limepanda na kisukari kimeingia nyumbani kwa mwalimu kabla hajafika umri wa kustaafu.

Katika wilaya yetu ya Mkalama na katika nchi inayolizunguka ziwa Eyasi wanaishi ndugu zetu Wahadzabe. Wako watu ambao wakiwataja huwataja kwa kuwahurumia. Wakoloni waliwahurumia vilevile, na hatukuona faida ya huruma hiyo. Basi sikilizeni. Mwaka 2017 watafiti walichapa matokeo ya kazi waliyoifanya miongoni mwa Wahadzabe, wakiwavalisha vyombo vya kupima mapigo ya moyo katika shughuli zao za kila siku. Walikuta kwamba mtu mzima wa Kihadzabe huutumikisha moyo wake kwa juhudi ya wastani au zaidi kwa muda wa dakika 135 hivi kila siku, na maradhi ya moyo kwao ni nadra. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linatuomba sisi wengine tufikishe walau dakika 150 za juhudi kama hiyo kwa juma zima. Yaani kile tunachoombwa kwa siku saba, wao hukikaribia kwa siku moja, na wengi wetu hata hicho hatukifikishi.

Taifa hili halikuwa geni katika jambo hili. Wazee waliomo humu ndani wanakumbuka mchakamchaka. Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa mwaka 1963 vijana walikimbia alfajiri kwa nyimbo, na desturi hiyo ikaingia mashuleni, hata ikawa mtoto wa darasa la tatu anajua kupokea wimbo akiwa mbioni bila ya kupotewa na pumzi. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mwaka huohuo kijana Seti Benjamin alifariki njiani katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Ikaja kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kando ya redio kujifunza habari za afya yao. Na Desemba 2016 Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kutaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya wananchi kutoka na kunyoosha viungo.

Wito ule uliitikiwa. Vikundi vya kukimbia vimezaliwa katika kila mji, vina fulana zao, vina wenyeviti na makatibu, na vingine vina mifuko ya kuzikana na kusaidiana. Sina neno baya juu yao. Ninalo swali moja: kwa nini karibu wote hukimbia kwenye lami?

Barabara kuu inayopita hapa kwetu inatoka Dar es Salaam na Dodoma, inapita Manyoni na Ikungi, inaingia Singida, inapanda Iramba, inateremka Sekenke, inakwenda Nzega. Ndiyo njia ya shehena za Rwanda, Burundi na Kongo. Saa 12 alfajiri, wakati mkimbiaji anapotoka, dereva wa lori aliyekesha usukani naye ndipo macho yanapomlemea. Mchakamchaka wa zamani ulipita katikati ya nyumba za watu, na watu wakatoka milangoni kuutazama. Huu wa sasa unapita ukingoni mwa magurudumu.

Ilhali njia nyingine zipo. Ndugu zangu, sidhani kama wengi wenu mnajua utajiri mlio nao.

Mji huu uko juu, yapata meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi zake ni baridi hata katika miezi ambayo Dar es Salaam watu hawalali kwa joto. Kaskazini kuna ziwa Singidani, kusini kuna ziwa Kindai, yote mawili ya maji ya chumvi. Anayekimbia pembezoni mwa Singidani wakati wa kiangazi huona ukingo wa maji umevaa utando mweupe, na katika miaka ya bahati huona flamingo, ambao vitabu huwaita heroe, wamesimama kwa mguu mmoja kana kwamba wanasubiri mshahara. Majabali yamekaa juu ya majabali, mengine yameegemeana hata ukipita chini yake unainamisha kichwa bila ya kutaka. Huko njia ni ngumu kidogo kwa kifundo cha mguu. Anayeanza asipite huko kabla jua halijatoka.

Mimi naipenda zaidi nchi ya kuelekea Ilongero. Simaanishi barabara ya magari, bali vijia vinavyokwenda sambamba nayo na vinavyoikata, kutoka kitongoji hadi kitongoji. Ardhi ni ya kichanga, inapokea mguu kwa upole, na goti la mtu wa makamo linashukuru. Miinuko ni midogo: unapanda bila kujua kwamba unapanda, mpaka ugeuke nyuma uuone mji uko chini yako. Mwezi Machi na Aprili unapita katikati ya alizeti, na kwa kuwa maua yote yametazama upande mmoja, unajiona kama unayekagua gwaride. Baadaye ni mtama na uwele. Ikifika Juni, mashamba yakiwa yamekwisha vunwa, njia mpya zinazaliwa kwa sababu watu wanakata kona shambani, na unaweza kukimbia saa nzima bila ya kurudia unyayo wako.

Yapo mambo mawili ya kujua. La kwanza ni upepo. Singida ni nchi ya upepo, na katika miezi ya kiangazi unavuma kwa nguvu. Anza safari kwa kuukabili, ili wakati wa kurudi, umechoka, ukusukume mgongoni. Niliwahi kufanya kinyume, na nilirudi mjini nikitembea kama mgonjwa aliyetoroka wodini. La pili ni mbuga. Kwenye mabonde kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa mvua hushika kiatu na kukataa kukiachia. Wenyeji wana njia ya kiangazi na njia ya masika, na ya masika huzunguka mbali kwa juu. Uliza. Usiongozwe na simu yako, maana simu haijui kwamba jana usiku mvua ilinyesha.

Anayetaka vilima aende Iramba. Walimu waliosomea Kinampanda wanazijua asubuhi zile na ule ukungu wake. Nchi ile imeinuka kama meza, kisha inakatika ghafla na kuporomoka hadi tambarare ya Wembere. Ukisimama ukingoni unaona mbali kiasi cha kusahau kwamba ulikuja kukimbia.

Lakini kukimbia kijijini kuna adabu yake, na nimejifunza baadhi yake kwa kukosea. Njia ya mguu haiko peke yake, inapita mlangoni kwa mtu. Ukimkuta mzee, punguza mwendo, amkia, ngoja uitikiwe, kisha endelea. Hizo ni nukta chache tu, na hakuna saa ya mkononi iliyowahi kumnyima mtu tuzo kwa sababu aliamkia. Usikatize uani. Usikanyage matuta. Ng'ombe wana haki ya njia kuliko wewe, maana wao wanakwenda kazini. Mbwa akibweka, acha kukimbia, tembea. Na wanawake walio humu ndani watasema, kwa haki kabisa, kwamba adabu hiyo haitoshi upande wao. Mwalimu mmoja wa kike aliniambia kwamba alikimbia mara tatu katika kijiji alichopangiwa, na mara ya nne akaacha, kwa sababu alipofika darasani wanafunzi walikuwa wamekwisha kusikia kutoka kwa wazazi wao maneno juu ya mavazi yake. Alikuwa amevaa suruali ndefu na fulana. Nilipomwuliza angependa tufanye nini, hakutaka hotuba. Alitaka Mwenyekiti wa kijiji na mkewe wakimbie naye siku moja, basi. Sijui kama jambo hilo lilifanyika, maana alihamishwa.

Sasa nije kwa watoto.

Ukikimbia katika vijia hivi saa 12 na nusu, hukimbii peke yako. Watoto wa shule wanajiunga nawe, daftari mkononi, wengine viatu wamevining'iniza begani ili visichakae kabla ya kufika. Mara ya kwanza nilijitahidi nisishindwe. Mtoto ambaye hakuzidi darasa la nne alikaa ubavuni mwangu kiasi cha kilomita mbili, akinihoji: natoka wapi, naitwa nani, gazeti ni nini. Kisha akaniambia anachelewa, akaniaga kwa heshima zote, akaondoka. Ndiyo kusema, muda wote ule alikuwa ananingoja.

Tarehe 15 Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo, Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa mkoa huu wa Singida, alishinda mbio za marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huohuo, na ilibidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe ndipo mshindi ajulikane: tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo. Simbu hakuibuka siku ile. Alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba mjini London mwaka 2017, na Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Alikuwa na umri wa miaka 33 alipopata dhahabu, na ninyi mnaosema mmekwisha pitwa na wakati mlifikirie hilo.

Sitaki kudai kwamba kila mtoto anayekwenda shule kwa miguu atakuwa Simbu. Madai ya namna hiyo ni ya watu wasiotaka kujenga shule karibu. Ninachosema ni tofauti. Simbu, kama wanariadha wetu wengi, amefanyia mazoezi yake Arusha. Kwa nini Arusha? Si mwinuko tu, kwa kuwa mji wa Arusha wenyewe hauko juu kuliko mji huu tuliokaa. Arusha kuna walimu wa riadha, kuna wenzako wa kukimbia nao, na kuna njia ambazo kila mtu amekwisha kuzoea kwamba ni za wakimbiaji. Hata huko Iten, Kenya, kwenye meta 2,400, mgeni anachokiona kwanza ni barabara za udongo ambazo kila asubuhi zimejaa wakimbiaji, na hakuna anayewauliza nani amefariki. Vitu hivyo vinaweza kupatikana Singida bila ya kuagiza chochote ng'ambo. Njia zimekwisha chongwa na nyayo za babu zetu. Kinachotakiwa kwanza ni zisitoweke.

Na zinatoweka. Hili ndilo lililonileta mbele yenu.

Kuna kijia kimoja, sitasema ni wapi, ambacho nilikizoea. Kilitoka pembezoni mwa mji, kikapita kati ya majabali mawili, kikashuka hadi shule ya msingi, kikaendelea vijijini. Kiangazi kimoja nilifika kwenye majabali yale nikakuta seng'enge. Nguzo mpya, waya nne, na kibao. Nilisimama pale kama ng'ombe aliyekosa zizi lake. Baadaye nilimtafuta mwenye kiwanja, nikazungumza naye, na naapa sikupata sababu ya kumlaumu. Alikuwa na hati. Alilipia. Kiwanja kilipimwa kwa kufuata taratibu. Mchoro ulionyesha uwanja mtupu, na kwa mtu anayetazama mchoro kijia cha mguu ni utupu. Hakuna aliyedhulumu, na hata hivyo watoto wa upande ule sasa wanazunguka kwa barabara kuu, pamoja na malori.

Najua humu mmo maofisa wa ardhi, watendaji wa kata na wa vijiji, na walimu ambao ni wajumbe wa halmashauri za vijiji. Basi ninyi mnajua kuliko mimi kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Halmashauri ya Kijiji inapendekeza, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaidhinisha, na ardhi hiyo inaandikwa katika daftari. Kwa kawaida tunatenga malisho, msitu, kisima, makaburi, uwanja wa mpira. Ni mara ngapi mmesikia mtu amesimama mkutanoni akapendekeza njia ya miguu? Hatupendekezi kwa sababu hatuioni. Tulizaliwa tumeikuta, tukadhani itakuwapo siku zote kama mvua, na siku hizi hata mvua haiaminiki.

Mjini kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa kiwanja kina bei na kijia hakina. Hata hivyo upana unaotakiwa ni wa mtu mmoja na baiskeli moja. Mpimaji anayeacha meta kumi za barabara ya magari yatakayokuja miaka ishirini ijayo hashindwi kuacha meta mbili za watoto waliopo leo.

Nina ombi moja kwa walimu, hasa wa Jiografia na Maarifa ya Jamii. Wapeni wanafunzi karatasi, kila mmoja achore njia anayopita kutoka kwao hadi shuleni. Ziunganisheni karatasi hizo mpate ramani moja, na ramani hiyo mwipeleke kwenye Halmashauri ya Kijiji kabla wapimaji hawajafika. Katika ramani hiyo mtapata pia njia ya mbio za nyika ya shule yenu, na vijana wenu watakwenda UMITASHUMTA wakiwa wamefanya mazoezi mahali pengine mbali na kuzunguka uwanja wa mpira kama punda wa kinu. Na Jumamosi ya pili ya mwezi, ninyi wenyewe mtajua pa kupita.

Mwalimu mmoja rafiki yangu alinikubalia, akalifanya jambo hilo na darasa lake la sita. Ramani ninayo hapa, mnaweza kuitazama baadaye. Ina njia nyingi kuliko nilizozijua mimi baada ya miaka yangu yote ya kukimbia huko. Nyingi zimechorwa kwa mstari mzito wa kalamu ya buluu. Moja imechorwa kwa nukta nukta. Nilidhani mtoto aliishiwa wino, nikamwuliza. Akaniambia, "Hiyo waliifunga, lakini mimi na dada yangu bado tunapita chini ya waya."